Jumamosi za Sista

Kwa miaka minne, kila Jumamosi asubuhi kabla sijanywa chai, niliandika jina la mtoto aliyekufa. Lilikuwa neno la siri la mwanamke mwingine. Herufi ya kwanza kubwa, zinazofuata ndogo, kisha nambari ya wimbo ulioimbwa siku mtoto huyo alipozikwa, na kompyuta ikanifungulia faili za wagonjwa wote wa presha na sukari. Mwanzoni vidole vilisita kidogo. Baadaye nililiandika huku nikipiga gumzo na wagonjwa dirishani, na hilo ndilo linaloniuma sasa, kwamba lilikuwa jepesi namna ile.

Mimi ni karani wa rekodi katika hospitali ndogo ya watu binafsi, si mbali na soko la Kebirigo. Jina la hospitali nitaliacha. Kwetu ni Mosocho, katika ukoo wa Wakatoliki watupu, lakini nimepanga nyumba huku Nyamira tangu nilipopata kazi.

Mwenye neno la siri alikuwa muuguzi msimamizi wa kliniki ya presha na sukari. Wagonjwa walimwita Sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa huku. Mimi nilimwita Mama, kwa kuwa alikuwa rika la mamangu na alinigombeza vivyo hivyo. Alimgombeza kila mtu. Mzee akija presha imepanda, alimtazama juu ya miwani na kumuuliza, "Umekuja kupimwa ama umekuja kunidanganya? Chumvi umekula." Mzee alikana. "Ile mboga ya chinsaga ya jana bibi yako alipika bila chumvi?" Mzee alitazama viatu vyake. Walimwogopa sana, na siku asipokuwepo walirudi nyumbani wakisema hawakutibiwa, hata kama dawa walikuwa wameibeba mkononi.

Siku asiyokuwepo ilikuwa Jumamosi. Alikuwa Msabato, na watu walidhani ni dini tu. Lakini kanisa lake halimkatazi muuguzi kuhudumia wagonjwa siku ya Sabato, na wenzake wengi wa kanisa hilo hilo walikuwa zamu siku hiyo bila shida. Yeye alikuwa na sababu yake. Zamani, akiwa muuguzi kijana, alikuwa kazini Jumamosi moja akidunga sindano watoto wa watu, na kitinda mimba wake alikuwa nyumbani Magwagwa na homa. Alipofika jioni alikuta mtoto ameshafunikwa. Siku ya mazishi aliahidi mbele ya jeneza kwamba Jumamosi hawatamwona tena kazini. Akaishika ahadi hiyo. Alifanya kazi Jumapili zote, Krismasi zote, siku za Pasaka na za uchaguzi, ili aachiwe Jumamosi peke yake. Kanisani walimfanya mfano, na vijana waliambiwa, mtazameni Sista.

Shida ni kwamba wagonjwa hawakuwa na habari na ahadi yake. Jumamosi ni siku ya watu kushuka sokoni, na wengi wa wale wa Kebirigo walipitia kliniki wachukue dawa za mwezi. Kompyuta yetu ilikuwa imepangwa hivi, kwamba ni jina la msimamizi wa kliniki tu lililoweza kufungua faili na kuruhusu dawa itolewe. Jumamosi ya kwanza nikiwa zamu niliwarudisha watu wanane mikono mitupu, mmoja wao mama aliyetembea kwa fimbo. Jumatatu nilimweleza Sista. Alichukua kalamu na kuniandikia jina la mtoto wake kwenye kiganja.

"Ukishaingiza kichwani, nawa mikono," akasema.

Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa. Jirani akiomba chumvi, humuulizi ya nini. Akija kuomba kaa la moto, unampa na kumfungulia lango. Kumnyima mtu kitu ambacho hakipungui ukimpa kulihesabiwa kuwa uchoyo wa kupindukia, na neno la siri halipungui. Katika hospitali yetu kila mtu alikuwa na la mwenzake. Tuliyajua kama tunavyojua majina ya watoto wa majirani, na kwa kweli mengi yalikuwa ni hayo hayo majina ya watoto.

Kisha hospitali moja ya kaunti nyingine ikavamiwa. Sijui iliandikwa wapi, sisi tulisikia tu kwamba wezi waliingia kupitia kompyuta wakafunga faili zote, madaktari wakabaki wakiwauliza wagonjwa wenyewe walikuwa wanatibiwa nini. Meneja wetu hakulala. Yule bwana ambaye alikuwa hatununulii hata karatasi za kutosha alileta mtambo wa akili mnemba wa kulinda kompyuta, na mtaalamu wa kuufunga.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, anafanya kazi Kisii mjini. Ekegusii hakuwa nacho, mimi Kijaluo sina, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Nilimpenda. Alikula ndizi zetu za kuchemsha bila kujifanya, na alieleza mambo bila kutudharau.

"Sikiliza, dadangu," aliniambia. "Hii kitu haishiki mwizi juu inajua sura yake. Inajifunza tabia. Mwezi mzima itakuwa inatazama tu: nani anaingia saa ngapi, anafungua faili gani, hata vile anabonyeza herufi, haraka ama pole. Ikishazoea, ikiona kitu kigeni inafunga mlango halafu inaniita."

"Kama mbwa wa boma," nikasema.

"Kama mbwa, lakini huyu anaweza kumbwekea hata mwenyewe. Ndiyo maana nataka ukweli." Aliweka kikombe chini. "Niambie, kuna watu wanatumia paswadi ya wenzao hapa? Sema tu. Sitapeleka mahali. Nikijua sasa nitapanga kila mtu apate ruhusa yake, na maneno yanaisha."

Naikumbuka chai ile, ilikuwa imepoa na kufanya utando. Alikuwa mgeni. Mambo ya nyumbani hayaanikwi mbele ya mgeni, hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na zaidi ya hapo niliona aibu atuone washamba. Mimi ndiye niliyekuwa nimemkabidhi ratiba ya zamu, imepigwa chapa vizuri, na kwenye mstari wa Sista kila Jumamosi imeandikwa: hayupo.

"Hapana," nikasema. "Kila mtu na yake."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wa hospitali nzima.

Mwezi wa kujifunza ulipita. Tuliubandika mtambo jina la soja, tukautania. Daktari akifungua kompyuta kutoka nyumbani tulimwambia soja atamtia pingu. Sista hakucheka. "Mashine ya kutazama watu bila kusema," alisema, "hiyo ni kama mama mkwe." Jumamosi zilipofika niliendelea kuandika jina la mtoto wake, kwa sababu wagonjwa waliendelea kuja. Ningefanyaje?

Jumamosi moja, foleni imefika mlangoni, ikaingia barua pepe. Ilisema inatoka kwa watu wa bima, kwamba akaunti ya kliniki itafungwa siku hiyo hiyo tusipoithibitisha. Kulikuwa na mahali pa kubonyeza, na baada ya hapo mahali pa kuandika jina na neno la siri. Niliandika jina la Sista. Niliandika la mtoto wake. Ukurasa ukageuka mweupe, mimi nikamwita mgonjwa anayefuata. Jambo zima lilichukua muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, mwizi alikuja. Nilikuwa nimeshafunga kazi, naanua nguo kwa sababu mvua ya alasiri ilikuwa imeshaanza kunguruma. Alitoka mbali, nje ya nchi, akaingia kwa jina la Sista na kuanza kuvuta faili za wagonjwa. Soja aliona kwamba jina hilo halijawahi kutokea upande huo wala kufungua faili kwa kasi ile. Akamfungia mlango kabla hajatoka na faili hata moja. Lazima niliseme hili bila kulipinda, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hutaka kuilaumu mashine. Mashine ilifanya kazi yake. Miongoni mwa faili zile kuna siri ambazo zikitoka, ndoa za watu zinavunjika na watoto wanafukuzwa bomani. Zote zilibaki salama, nami sikosi kushukuru kwa hilo.

Lakini mbwa akishabweka huendelea kunusa. Soja alirudi nyuma kwenye kumbukumbu za miaka yote, akazilinganisha na ile ratiba yangu nzuri iliyopigwa chapa. Akakuta kwamba muuguzi ambaye hayupo Jumamosi amekuwa akifungua faili kila Jumamosi kwa miaka minne.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kujua mengi, swali lilinijia kwenye kompyuta yangu. Lilinijia mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye ratiba. Liliandikwa kwa Kiingereza, nalitafsiri: Anayetumia jina hili siku ya Jumamosi anabonyeza herufi tofauti na anayelitumia siku nyingine. Je, ni mtu mmoja au ni watu wawili?

Chini yake kulikuwa na vitufe viwili.

Mashine ilikuwa imejua. Mashine isiyojua Sabato wala Mosocho ilikuwa imetutenganisha, mimi na Sista, kwa vidole vyetu tu, na ilikuwa inaniomba nithibitishe. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha mwezi ule. Nilifikiria ile barua pepe, kwa maana hapo ndipo nilipoanza kuielewa. Nikajiambia Sista ni mkubwa, nani atamgusa? Atakemewa kidogo, yataisha. Nilibonyeza: mtu mmoja.

Kikao kilikuwa siku hiyo hiyo mchana, ofisini kwa meneja. Walikuwepo meneja, mtaalamu, Sista, na mimi. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu za kikao. Hebu fikiria hilo.

Meneja aliweka karatasi mbele ya Sista. Jumamosi zote zilikuwa zimepangwa hapo, mstari kwa mstari. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na kalamu yangu iliandika maneno hayo kama yalivyo. "Sista, ni wewe ulifungua hizi faili?"

Alizisoma polepole. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Kisha akanitazama. Sikuweza kuyahimili macho yake, nikainama kwenye daftari.

"Jina ni langu," akasema.

"Kuna mtu ulimpa paswadi?" mtaalamu akauliza. Sauti yake ilikuwa ya upole. Alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea.

"Jina ni langu. Niulizeni mimi."

Alisimamishwa kazi mpaka uchunguzi umalizike. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na wagonjwa walikuwa wameshaanza kupanga kumfanyia sherehe. Nilimfuata kwenye ujia, machozi yamenijaa. "Mama, nitasema. Narudi kusema sasa hivi."

Alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama alivyowashika wagonjwa waoga wa sindano. "Mkataba wako umewekwa sahihi?"

"Bado."

"Basi nyamaza kwanza. Uwekwe sahihi, halafu utasema. Mimi nitachuma majani kidogo, mikono imesahau chai." Akachukua mkoba wake na mwavuli, akaenda.

Kwa hiyo niliupata ukimya wangu kwa ruhusa. Ningekuwa nimekoma hapo, labda leo ningelala vizuri. Mkataba ulitiwa sahihi baada ya siku tisa. Siku ya kumi sikusema. Siku ya kumi na moja meneja alikuwa na wageni. Halafu ikawa wiki, na kila siku iliyopita iliifanya inayofuata iwe ngumu zaidi, maana sasa ilibidi nieleze pia kwa nini nilinyamaza.

Jumapili moja baada ya misa nilipanda pikipiki hadi Magwagwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta maharagwe. Alikuwa amepungua. Alinikaribisha, akaniuliza habari za wagonjwa mmoja mmoja: yule mzee wa sukari anakuja? Yule mama wa fimbo ameacha chumvi? Nilimjibu, nikimsaidia kutoa mawe kwenye maharagwe. Ndipo akaniambia kwamba wazee wa kanisa walikuja Jumanne.

Nyamira si kubwa, habari zilikuwa zimefika. Wazee hawakuja kwa ubaya. Walimwambia, kuhudumia wagonjwa Sabato si dhambi, hata Bwana aliponya siku hiyo. Lakini miaka hii yote ulituambia huendi, na sisi tukawaambia vijana wakuige. Kwa nini ulitudanganya?

"Ukawaambia nini, Mama?"

"Niliwaambia jina lilikuwa kazini, mimi sikuwa. Hawakuelewa." Alirusha maharagwe, akayadaka. "Wameniomba nipumzike kufundisha watoto. Kwa muda tu, wamesema."

Nilianza kulia. Yeye hakulia. Alikuwa mtu wa kusema jambo lake wazi, na alilisema. "Hao wazee si kitu, wataelewa siku moja. Kinachoniuma mimi ni yule mtoto. Nilimwahidi mbele ya jeneza. Sasa kuna karatasi inasema kila Jumamosi nilikuwa huko, na tena ni kwa jina lake nilikuwa nafungulia. Hilo neno linanizuia kulala."

"Kesho nitasema," nikamwambia. "Nakuapia, kesho."

"Haya," akasema. Alinifungia maharagwe kwenye karatasi nipeleke nyumbani.

Jumatatu meneja alikuwa Nairobi. Jumanne alikuwepo. Nilifika mpaka mlangoni pake, nikasikia anacheka kwenye simu, nikaona nisimharibie furaha. Ndiyo, hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Jumatano na Alhamisi sina hata sababu ya kuandika hapa.

Ijumaa alasiri Sista alikuwa anafanya matayarisho ya Sabato. Alikuwa ameshapika vya kesho, amepaka viatu vya mumewe rangi, anapiga pasi kitambaa chake cha kichwa. Alianguka na pasi mkononi. Mumewe alisema kilichomfanya atoke bustanini ni harufu ya kitambaa kuungua. Walimkimbiza Kisii, na Jumapili asubuhi akafa. Presha, walisema. Mwanamke aliyepima presha za Nyamira nzima.

Siwezi kusema nilimuua. Wala siwezi kusema sikumuua. Daktari wetu aliniambia presha yake ilikuwa ya miaka, na kwamba huenda ingekuja tu. Namshukuru kwa neno hilo, ingawa halinisaidii.

Alizikwa Alhamisi. Migomba ilikatwa kupisha turubai, na bado watu walijaa mpaka barabarani, wengi wao wagonjwa wake. Mama wa fimbo alisimama mwanzo hadi mwisho. Meneja alisoma maneno mafupi kwamba marehemu aliitumikia hospitali kwa miaka mingi, na hakutaja namna alivyoondoka. Mzee wa kanisa aliomba sala fupi kuliko ilivyo desturi. Mimi nilishika shada la maua la wafanyakazi. Wakauliza kama kuna mwenzake wa kazini angependa kusema lolote, wenzangu wakanisukuma mbele kwa kuwa walijua tulivyopendana. Nilisimama. Nikasema alikuwa mama yangu wa kazini, nikakaa. Kaburi lake lipo kando ya lile dogo, la zamani, ambalo nilijua jina lake kabla sijalisoma.

Ijumaa asubuhi niliingia kwa meneja bila kubisha na kusema yote. Neno la siri, barua pepe, swali, kitufe. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akampigia mtaalamu, ambaye alifika kabla ya saa sita.

Mtaalamu alifungua kompyuta. Swali lilikuwepo bado, kwenye orodha ya yaliyojibiwa, na pembeni jina langu na saa niliyobonyeza. Yeye alikuwa anapelekewa muhtasari tu, hakuwa ameliona. Alilisoma mara mbili.

"Ilikuuliza, dadangu," akasema.

"Iliniuliza."

"Na mimi nilikuuliza. Siku ile ya ndizi. Ningekupa ruhusa yako ya Jumamosi hapo hapo, fomu ni ukurasa mmoja." Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisogeza kiti, akanipisha. "Haya, badilisha jibu."

Nilibonyeza: watu wawili. Soja alifikiri kidogo tu. Jumamosi zote, za miaka minne, zikatoka kwenye jina la Sista na kuja kwenye langu, na pale zilipokuwa pakajiandika hayupo, hayupo, hayupo, mpaka chini. Mtaalamu aliipiga chapa bila kuombwa. Meneja aliniandikia barua ya onyo. Onyo, basi. Hakuna faili iliyopotea, alisema, na umekuja mwenyewe. Kile nilichokiogopa mpaka nikamtoa Sista badala yangu kilikuwa karatasi moja ya kutia sahihi na kurudi mezani kwangu.

Sikuweza kungoja. Jumamosi, zamu ilipoisha, nilipanda pikipiki na ile karatasi ndani ya bahasha. Mumewe alikuwa ametoka kanisani, amekaa kwenye veranda na suti yake, peke yake. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Nilimwita tata, yaani baba, kama tunavyowaita wazee wote wa rika lake.

"Sabato njema, tata."

"Sabato njema. Karibu."

Nilimwambia nimemletea karatasi ya hospitali. Nilikuwa nimeshaanza kuifungua bahasha aliponyoosha kiganja.

"Ni mambo ya kazi?"

"Ni ya Mama, tata."

"Najua. Lakini ni ya kazi." Hakukasirika. "Leo hapana. Yeye asingeisoma. Kama unaweza kungoja, ngoja."

Nilingoja. Tulikaa pale alasiri nzima, bahasha mapajani mwangu, tukitazama majani chai yakigeuka rangi kila wingu lilipopita. Mara moja alisema kuku wamezubaa tangu aondoke. Mara nyingine alisema mvua imechelewa. Sijawahi kukaa na kitu kizito hivyo, na hakikuzidi uzito wa majani mawili. Jua liliposhuka nyuma ya mikaratusi, alifumba macho, akaomba sala ya kufunga Sabato kwa sauti ya chini. Aliwasha taa ya veranda, akavaa miwani.

"Sasa lete."

Nilimweleza kwanza. Nilimweleza yote, na sikujipunguzia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika karatasi karibu na taa, akaanza kuipitisha kidole, Jumamosi moja baada ya nyingine, asiruke hata moja, midomo ikisoma bila sauti. Hayupo. Hayupo. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika chini alirudi juu.

"Hii ilibadilishwa lini?" akauliza.

"Jana, tata."

Akatikisa kichwa.

"Na ni kazi ya muda gani, kuibadilisha?"

Nilitaka kumwambia habari za mkataba, za meneja kuwa Nairobi, za woga. Nilitazama viatu vyake, ambavyo Mama ndiye aliyevipaka rangi mara ya mwisho.

"Haikufika dakika moja, tata."

Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo cha mkewe. Halafu akaniuliza kama nilikuwa nimekula.